Mnara Usiowafukuza Ndege

Karne ya 19, misafara iliyotoka Tabora kwenda Ujiji ilivuka Mto Malagarasi kwa mitumbwi. Leo mto huo na Mto Muyovozi ni sehemu ya ardhi oevu ya hekta zaidi ya milioni 3, ya kwanza nchini Tanzania kuingizwa kwenye Mkataba wa Ramsar wa kulinda maeneo kama hayo, mwaka 2000.

Humo anaishi korongo-nyangumi, ndege wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu, mvuvi wa kamongo. Akibughudhiwa anaweza kuacha kiota chake.

Ndiyo maana mnara wa kumtazamia haufai kusimikwa katikati ya mafunjo. Mahali pake ni ukingoni, miti ikiwa nyuma yake, ili kivuli cha mtu kisichoreke angani. Mnara ukielekea magharibi, mtazamaji wa asubuhi hupata jua mgongoni.

Nguzo chache za mbao hutosha, bila jukwaa zito la zege linalozuia maji ya masika. Ngazi ifichwe kwa matete, maana ndege hushtushwa zaidi na mwendo wa watu wanaopanda kuliko mnara wenyewe. Kuta ziwe na matundu membamba ya kuchungulia. Taa, hapana kabisa!