Je, Wajua? Baridi Haipitii Dirishani Tu

Je, wajua kuwa kabla ya kubadilisha madirisha ya nyumba kuukuu ya Buffalo, Columbus au Louisville, miji ya Marekani yenye familia nyingi za Wakongo na Wabantu wa Somalia, ni afadhali kumwita kwanza mkaguzi wa nishati? Huyu hufunga feni kubwa kwenye mlango wa nje, akavuta hewa mpaka tofauti ya shinikizo ifike paskali 50, kisha akasaka kwa kamera ya joto baridi inakopenyea. Dirisha ndilo hulaumiwa, lakini mara nyingi hewa nyingi hupotelea darini na pembezoni mwa msingi, na kuziba huko ni rahisi zaidi. Mtu atasema huo ni mradi wa wenye nyumba na wenye fedha. Sivyo: mpango wa serikali kuu ulioanzishwa mwaka 1976 hukagua na kurekebisha bure nyumba za wenye kipato kidogo, na mpangaji naye anaweza kuomba, mradi mwenye nyumba aridhie. Foleni huweza kuwa ndefu, kweli. Basi ombi lipelekwe Juni, si Januari bili ikishafika.