Kazi ya Kuandika Sauti: Faida na Hasara

Siku hizi vijana wengi hutafuta kazi ya kusikiliza sauti zilizorekodiwa na kuziandika neno kwa neno kwa kompyuta. Je, yafaa?

Faida zipo. Mtu hufanya kazi nyumbani mwake, karibu na watoto, saa anayoichagua mwenyewe, wala hatoi nauli. Tena huzoea kuandika lugha safi.

Lakini tazameni ujira. Kampuni nyingi hulipa kwa dakika ya sauti, si kwa saa ya kazi. Kampuni ya Rev ya Marekani, mwezi wa Novemba 2019, ilishusha malipo yake ya chini kutoka senti 45 hadi senti 30 kwa dakika. Kwa kipimo hicho, sauti ya saa moja huleta dola 18. Kumbe kuiandika huweza kudai saa nne: ndiyo dola 4 na nusu kwa saa. Na mwandishi akiugua, halipwi kitu.

Kijana, usidharau kazi halali. Ila kwanza hesabu saa zako. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kilichotoboka hakijai.