Utepe wa Rangi Tatu

Sogeeni, wapwa zangu. Leo siwasimulii kisa cha sungura wala fisi. Leo utepe utasema wenyewe.

"Mimi ni utepe. Nakaa ndani ya mkoba wa mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Nina rangi tatu: kijani, njano na nyekundu. Mtoto akitimiza miezi sita, hadi akaribie miaka mitano, naweza kumzunguka mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko. Nikisoma sentimita 12.5 au zaidi, ni kijani. Nikishuka hapo, ni njano. Chini ya 11.5, ni nyekundu, na nyekundu ni utapiamlo mkali."

"Mjomba, kumbe utepe ni daktari?"

Swali zuri hilo! Anayeuliza hivyo hapitwi na jambo. Hapana, mwanangu. Utepe hupima mkono tu. Utepe hauulizi. Utepe haubembelezi.

Siku moja, katika kijiji kimoja, utepe ulisoma nyekundu. Mhudumu hakumsema mama mbele ya majirani. (Hapo ndipo ninapowapenda watu hawa.) Alibonyeza miguu ya mtoto kwa kidole gumba, akahesabu polepole, akaachia. Vishimo vingebaki, ingekuwa dalili ya unyafuzi. Havikubaki. Akaandika rufaa, akaongozana na mama hadi kituo cha afya.

"Aliyajua wapi yote hayo?"

Alifundishwa. Na kabla ya kufundishwa, alichaguliwa na wanakijiji wenyewe, maana ataingia nyumbani mwao.

"Halafu nani?"

Halafu muuguzi. Alimpima mtoto uzito na joto, akafungua kipakiti cha chakula dawa: karanga zilizosagwa, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Akakaa amtazame akila. Kwa nini akae? Kwa sababu mtoto mwenye utapiamlo mkali asiyeweza kula hupelekwa kulazwa. Huyu alilamba hadi vidole, akapewa vipakiti vingine vya nyumbani. Wako wanaosema muuguzi ni msaidizi wa daktari tu. Mimi sikubali. Wodini usiku daktari hupita, muuguzi hukaa. Ukiitaka kazi hiyo, usiikimbie biolojia wala kemia.

Baada ya wiki kadhaa utepe ukazunguka tena. Bado nyekundu!

"Mjomba, dawa ilikuwa mbovu?"

Hata muuguzi alijiuliza. Akamketisha mama, akamsikiliza. Kumbe vipakiti vya mtoto mmoja vililiwa na watoto wanne. Nani angemnyima mwanawe mwenye njaa? Baba alikuwa ameondoka, hatumi hata shilingi.

"Halafu nani?"

Halafu afisa ustawi wa jamii. Sikilizeni vizuri, maana kazi hii watoto wengi hawaijui. Chungu kinachovuja unaweza kukijaza kila asubuhi, lakini lazima mtu akiinue atazame ufa uko wapi. Afisa huyu ndiye anayekiinua chungu. Alimwandikia baba wito. Tanzania Bara iko Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, nayo inamtaka mzazi amtunze mwanawe hata kama haishi naye. Baba alikuja amenuna, akaongea, akakubali kutoa matunzo. Angekataa, shauri lingeweza kwenda mahakamani. Kazi hii husomewa chuoni. Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ni mojawapo ya vyuo hivyo.

"Mjomba, mimi naogopa damu."

Mbona afisa ustawi hashiki sindano? Wala mshauri anayepokea simu ya watoto, namba 116, ambayo mtoto hupiga bure akionewa au akiteswa. Yeye hufanya kazi kwa masikio. Mtoto akinyamaza, mshauri humngoja.

"Na wavulana je?"

Wauguzi wanaume wapo, tena wengi. Na wewe unayeuliza kuliko wote hapa, nenda kituo cha afya kilicho karibu, umuulize muuguzi alisoma wapi na kipi kinamchosha. Ila usiende siku ya kliniki ya watoto. Siku hiyo hata chai hapati nafasi ya kunywa.