Joshua Slocum: safari ya peke yake kati ya visiwa, mbuzi aliyekula ramani na mashua isiyo na kasia

Mwezi wa kumi na moja mwaka 1897, katika mji wa Durban, Afrika ya Kusini, wanaume wawili walikutana. Mmoja ni Henry Morton Stanley, ambaye Wakongomani wanamjua kwa jina la Bula Matari. Mwaka 1876 alizunguka Ziwa Tanganyika katika Lady Alice, mashua iliyobebwa vipande vipande na wapagazi tangu pwani. Wa pili ni Joshua Slocum, nahodha wa miaka 53. Yeye alikuwa amefika Durban katika mashua ya matanga, peke yake.

Stanley alitaka kujua kama mashua hiyo ina vyumba visivyoingiza maji. Kisha akauliza: je, ikigonga mwamba? Slocum akamjibu kwamba mbele ya mwamba vyumba havisaidii kitu; jambo la lazima ni kuiweka mbali na mwamba.

Jibu hilo linaonekana jepesi. Lakini mtu akifuata safari ya Slocum kisiwa kwa kisiwa, anaona kwamba katika bahari za joto haikuwa miamba wala dhoruba iliyokaribia kummaliza. Kilichokaribia kummaliza ni kasia lililosahauliwa.

Mashua ya dola 553

Slocum alizaliwa mwaka 1844 katika jimbo la Nova Scotia, Kanada. Aliongoza merikebu kubwa za matanga kwa miaka mingi, mpaka meli za mvuke zilipochukua kazi yote na manahodha wa aina yake wakabaki bila mkate. Rafiki mmoja akampa mashua kuukuu iliyokuwa imewekwa shambani, mbali na maji, katika mji wa Fairhaven, Marekani. Slocum akaijenga upya kwa mikono yake. Kazi ilichukua miezi 13, na vifaa vilimgharimu dola 553 na senti 62. Jina lake lilikuwa Spray, urefu wake mita 11 na kidogo.

Tarehe 24 mwezi wa ine 1895 akaondoka Boston ili kuzunguka dunia. Hakuwa na mwenzake ndani, na hakujua kuogelea.

Manahodha wa wakati ule walitegemea saa ya bei kubwa ili kujua mahali walipo baharini. Slocum alikuwa nayo, lakini kuitengeneza kungekula dola 15, basi akaiacha nyumbani. Kule Nova Scotia akanunua saa ndogo ya mezani. Muuzaji alitaka dola moja na nusu. Kwa sababu uso wake ulikuwa umevunjika, akakubali dola moja. Ndiyo saa aliyozunguka nayo dunia. Siku moja ilipogoma, aliitia katika maji ya moto, ikaanza tena kutembea.

Siku 23 bila kushika usukani

Mwezi wa sita 1897, baada ya kupita visiwa vya Samoa na pwani ya Australia, Slocum aliingia katika Bahari ya Hindi. Alielekea visiwa vya Keeling, ambavyo vinaitwa pia Cocos: mviringo wa matumbawe na minazi, chini kabisa, ambao nahodha hauoni mpaka awe karibu. Kutoka Thursday Island ni maili 2 700. Alizimaliza kwa siku 23, na katika siku hizo zote alishika usukani kwa saa zisizozidi tatu. Alikuwa anaufunga kwa kamba, anapanga matanga vizuri, na mashua inafuata njia yake yenyewe usiku na mchana.

Muda huo alifanya kazi za nyumba. Alipika kahawa na mkate, alishona matanga, alisoma vitabu. Usiku samaki wenye kuruka walianguka juu ya mashua. Asubuhi aliwaokota na kuwakaanga.

Kule Keeling aliipandisha Spray juu ya mchanga ili kuipaka lami chini. Watoto wa kisiwa walikuwa wanamwangalia. Saa ya chakula wakamwona anapakaa kitu cheusi juu ya biskuti na kukila. Wakakimbia wakipiga kelele kwamba kapiteni anakula lami. Ilikuwa jamu ya matunda meusi. Walipoionja, hawakutaka tena kuondoka karibu naye.

Upondo mmoja tu

Ni hapo, mahali pa utulivu, ambapo kifo kilimkaribia. Slocum alitaka makombe makubwa ya bahari ayaweke ndani ya Spray kama uzito wa kuituliza. Siku moja akapanda mashua ndogo ya kisiwa pamoja na mwanaume mmoja Mwafrika. Katikati ya maji upepo mkali ukatokea ghafula na kupasua tanga, ambalo lilikuwa limeoza. Mashua ikaanza kupelekwa nje, kwenye bahari wazi.

Slocum akatafuta kasia. Hakukuwa hata moja. Nanga ilikuwapo, lakini kamba yake ilikuwa fupi sana kwa kina kile. Hakukuwa hata tone la maji ya kunywa. Mbele yao, kule upepo ulikowasukuma, inchi kavu ya karibu ilikuwa Afrika, maili 3 000.

Bahati nzuri, ndani ya mashua kulikuwa na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Slocum akautumia kama kasia kwa nguvu zake zote. Upepo ukageuka kidogo, wakafika mahali pa maji mafupi, upondo ukagusa chini, wakajisukuma mpaka pwani.

Katika kitabu chake nahodha alimtupia lawama yule mwenzake, ambaye hata jina lake hakuliandika. Lakini mtu aliyevuka nusu ya dunia peke yake, akapanda mashua ile bila kuangalia kama ina kasia, alikuwa Slocum mwenyewe.

Mpinga-Kristo na mbuzi

Mikasa mingine ilimletea kicheko. Mwezi wa tisa alifika kisiwa cha Rodrigues. Padri wa huko alikuwa amewafundisha watu, siku chache mbele, juu ya kuja kwa Mpinga-Kristo. Walipoona mashua inaingia kwa kasi mbele ya upepo, na mtu mmoja tu ndani yake, wakaamini kwamba ndiye huyo amefika.

Mwaka uliofuata, katika kisiwa cha Saint Helena, Mmarekani mmoja alimpa mbuzi. Slocum alimkubali, na alijuta haraka. Mbuzi alitafuna kamba alizofungiwa, akala kofia yake ya majani, na baya zaidi, akala ramani ya visiwa vya Karibi, kule alikokuwa anaelekea. Slocum alimshusha katika kisiwa cha Ascension, lakini ramani haikurudi.

Ndiyo sababu usiku mmoja wa mwezi wa tano 1898 alitetemeka. Mbele yake mawimbi meupe yalionekana kupasuka juu ya mwamba, na kila alipogeuza mashua yaliendelea kuonekana. Baadaye akaelewa: ulikuwa mwanga wa mnara wa Trinidad, maili 30 mbali, uliokuwa unapita juu ya maji.

Tarehe 27 mwezi wa sita 1898 Spray ilitia nanga Newport, Marekani, baada ya maili 46 000. Slocum akawa mtu wa kwanza anayejulikana kuzunguka dunia peke yake kwa tanga, na kitabu chake kikatoka mwaka 1900. Mwaka 1909 aliondoka tena peke yake katika Spray. Hakuonekana tena.

Mkaaji wa Goma, Uvira ao Kalemie anayengoja boti asubuhi pengine hataona Keeling hata siku moja. Lakini swali ambalo Slocum alichelewa kujiuliza siku ile anaweza kuliuliza yeye mbele ya kupanda, mguu ungali juu ya inchi kavu: ndani mna nini cha kutuokoa, upepo ukigeuka?