Kuku aliyekaa friza miezi saba: bado analika?

Juzi kijana mmoja anayefuga broila huku kwetu alinipigia simu. "Bwana mifugo, nina kuku kwenye friza tangu mwezi wa tano. Kuna mteja wa hoteli anawataka wote. Wako salama au nitaua watu?"

Nilimwambia miezi saba siyo tatizo. Nikamuuliza mambo mengine matatu, na hapo ndipo stori ikaanza kubadilika.

Kwanza tuelewane kuhusu friza. Nyama ikikaa kwenye nyuzi joto hasi 18 muda wote, bakteria hawazaliani. Wanalala. Kwa hiyo kuku hawezi kugeuka sumu eti kwa sababu miezi imepita. Kinachoshuka ni ubora: nyama inakauka, mafuta yanachacha, ladha inapotea. Kuku mzima aliyefungwa vizuri anakaa na ubora wake mpaka mwaka mmoja. Vipande ni kama miezi tisa. Maini na firigisi usizidishe miezi minne, na nyama ya kusaga ni hivyo hivyo. Yale mabaka makavu ya kijivu unayoyaona juu ya ngozi ni sehemu iliyopoteza maji kwa sababu hewa iliingia kwenye mfuko. Hayana madhara, unakata unatupa. Ila mteja akiyaona harudi tena.

Lakini kulala siyo kufa. Salmonella aliyeingia kwenye friza na kuku wako utamkuta humo humo, anasubiri joto. Kwa hiyo swali la "ana miezi mingapi" peke yake halitoshi. Uliza alipitia nini.

Swali langu la kwanza kwa yule kijana: uliwagandishaje? Akasema mnunuzi alimkimbia, kuku wanaendelea kula chakula, akaamua kuchinja 90 kwa siku moja. Jioni akawapanga wote kwenye friza moja ya nyumbani, wakiwa bado na uvuguvugu. Hapa vijana wengi mnakosea. Friza ya nyumbani imetengenezwa kutunza kitu kilichoganda, siyo kugandisha mzigo wa kilo mia na zaidi kwa mpigo. Wale wa pembeni wanaganda, wa katikati wanabaki na joto usiku kucha na pengine kesho yake. Kati ya nyuzi 4 na 60 bakteria wanazaliana kwa kasi, na wengine wanaacha sumu ambayo hata ukipika haiondoki.

Swali la pili, umeme. Akakumbuka ulikatika siku mbili mfululizo. Friza iliyojaa inaweza kutunza baridi kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24, lakini kwa sharti moja: mfuniko usifunguliwe. Sasa swali la tatu, nani anafungua? Kumbe mdogo wake anauza barafu za ukwaju kutoka kwenye friza hiyo hiyo! Mfuniko unapanda na kushuka kutwa nzima, na umeme ulipokatika watoto wa mtaani waliendelea kuja mpaka barafu zikaisha. (Barafu za watoto na kuku wabichi wasikae friza moja. Hilo nalo tulizungumza, na halikuwa zungumzo fupi.)

Nikaenda kuangalia. Kuku 41 walikuwa wamebaki. Wa chini walikuwa wameshikana kama tofali, na sakafuni kuna maji ya damu yaliyoganda. Hiyo ni alama kwamba waliyeyuka, wakachuruzika, kisha umeme uliporudi wakaganda tena. Akaniomba tunuse. Nikamwambia nyama iliyoganda hainuki, na Salmonella habadilishi harufu wala rangi. Alitarajia shilingi 8,000 kwa kila kuku, piga hesabu mwenyewe. Alinyamaza muda mrefu. Tukachimba shimo refu, tukawafukia wote, maana hakuna aliyejua wale wa juu walifika joto gani.

Sasa ufanyeje? Chinja kwa mafungu kulingana na uwezo wa friza yako. Poza kuku kwenye maji safi yenye barafu, acha maji yachuruzike, toa hewa kwenye mfuko, andika tarehe. Usiku wa kwanza watandaze kwa nafasi, kuwabananisha ni baada ya kuganda. Nunua kipimajoto cha friza, bei yake haifiki ya kuku wachache. Namba 1 mpaka 7 kwenye kile kitufe siyo nyuzi joto, usijidanganye.

Kuna mbinu rahisi pia. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kikae ndani ya friza. Ukirudi safari ukakuta sarafu imezama, ujue umeme uliondoka kwa muda mrefu hata kama sasa kila kitu kimeganda. Ukiwahi, kuku mwenye chembe za barafu ndani bado unaweza kumgandisha tena, ubora tu ndio utashuka. Aliyekaa juu ya nyuzi 4 zaidi ya saa mbili, mtupe.

Na dawa je? Baridi haiondoi dawa kwenye nyama. Kama ulichinja kabla siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa hazijaisha, kuku huyo ana mabaki ya dawa leo na atakuwa nayo mwakani.

Mteja wako mwambie ayeyushe kwenye friji, siyo kwenye karai juani. Kuku mzima anahitaji kama siku moja. Akiwa na haraka, amweke kwenye mfuko usiovuja, amzamishe kwenye maji baridi, abadilishe maji kila nusu saa, kisha ampike palepale mpaka ndani afike nyuzi 74.

Yule kijana ameingiza vifaranga wengine 200. Safari hii ameongea na wanunuzi watatu kabla hawajafika wiki ya nne, na mdogo wake amehamishia ukwaju kwenye friji ya mama.