Kijana Aendapo Chuo cha Uhandisi

Kila mwaka, mvua za vuli zikaribiapo, nyumba nyingi katika nchi yetu hufunga sanduku la kijana aendaye chuo kikuu. Majirani huja kumwaga, shangazi huleta karanga za kukaanga, na baba husema maneno machache ya wosia. Kijana akiwa amechaguliwa kusoma uhandisi, furaha ya nyumba huzidi, maana watu husema, "Huyu ndiye atakayetujengea daraja." Lakini haipiti miezi mitatu kabla mazungumzo ya simu hayajawa mafupi. Mzazi huuliza, "Masomo yaendaje?" Kijana hujibu, "Vizuri," kisha hunyamaza.

Ndugu wasomaji, leo twataka kuwaeleza yaliyomo ndani ya kimya hicho. Wazazi wengi hudhani ya kuwa mtoto ameharibiwa na mji, au kwamba elimu imemshinda. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi kimya hicho ni cha mtu anayekua, naye hajui bado kwamba anakua.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Zamani, katika siku za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilichoanza mwaka 1963, sheria ilifundishwa Dar es Salaam, utabibu Makerere, na uhandisi Nairobi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilisimama peke yake mwaka 1970, na masomo ya uhandisi yakaanza huko mwaka 1973. Siku hizi milango ni mingi: wengine huenda Mlimani, wengine Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, wengine Mbeya. Hata hivyo muhula wa kwanza hufanana karibu kila mahali. Kuna hisabati, kuna uchoraji wa vyombo na majengo, kuna kazi ya karakana, tena kuna elimu ya nguvu zinazokifanya kitu kisimame pasipo kuanguka.

Elimu hiyo ya nguvu yafaa tuieleze kidogo. Mwalimu hutoa mfano wa ngazi iliyoegemezwa ukutani, akasema: "Chora ngazi peke yake. Uondoe ukuta, uiondoe na sakafu. Kisha, mahali pa kila ulichokiondoa, weka mshale wa nguvu yake." Ndipo mwanafunzi aonapo kwamba sakafu huisukuma ngazi juu, ukuta huisukuma kando, uzito wake huivuta chini, na msuguano pale chini huizuia isiteleze. Akisahau mshale mmoja, hesabu yote ni bure, hata akijumlisha bila kosa.

Basi kijana mwenyewe ni kama ngazi hiyo. Nyumbani na katika shule ya bweni alisimama wima, nasi tukamsifu. Lakini alishikwa na mengi tusiyoyaona kwa kuwa tumeyazoea: kengele ya alfajiri, mwalimu wa zamu, mama aulizaye kama amekula, na sifa ya kuwa wa kwanza darasani. Chuoni hayo yote huondolewa kwa siku moja. Hakuna apigaye kengele, wala hapana aulizaye mbona hakuhudhuria. Hata ile sifa huondoka, kwa sababu kila aliyeketi karibu naye alikuwa wa kwanza huko kwao. Hapo ndipo ijulikanapo ni nguvu zipi zilikuwa zake mwenyewe, na zipi zilikuwa za kuazima.

Tutazame habari ya saa. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Somo lenye krediti 12 ni saa 120. Ikiwa mwalimu hufundisha saa 3 kwa juma, kwa majuma 15, hizo ni saa 45 tu. Saa 75 zilizosalia ni za mwanafunzi mwenyewe, wala hakuna azipigiaye kengele. Akiwa na masomo matano ya namna hiyo, kazi yake ni saa 40 kila juma, sawa na mtu aliyeajiriwa. Kijana asiyeambiwa hivyo huona ratiba ina nafasi nyingi, akadhani ni mapumziko. Hupata habari zake siku ya jaribio la kwanza.

Twamfahamu binti mmoja aliyetoka bara, ambaye katika shule yake ya wasichana hakuna aliyempita kwa fizikia. Katika jaribio la kwanza la elimu ya nguvu alipata alama 6 katika 20. Hakuwaambia wazazi wake. Majuma mawili hakwenda kwenye saa za mazoezi, kwa kuogopa kuulizwa mbele ya wenzake. Huko karakana nako mambo yakawa vile vile. Kundi lao lilikuwa la watu saba, yeye msichana peke yake, na wavulana wakampa daftari wakisema, "Wewe una mwandiko mzuri, andika." Akaandika. Wenzake walifunga chuma katika jiliwa, wakakisugua kwa tupa mpaka kikawa bapa na pembe zake zikawa mraba. Yeye aliandika vipimo vyao.

Juma la nne fundi msimamizi alisimama kwenye meza yao, akamwuliza yule binti kwa nini upande mmoja wa chuma ulikuwa umezidi kuliwa na tupa. Hakuwa na jibu, maana mkono wake haukuwahi kuishika tupa. Juma lililofuata aliliweka daftari mezani akasema, "Leo andikeni ninyi, mimi nitashika tupa." Wakacheka kidogo, kisha wakampisha. Chuma chake cha kwanza kilitoka kimepinda. Kila alipokiwekea kipimo cha pembe na kukiinua dirishani, aliona uzi wa mwanga ukipita kati ya kipimo na chuma. Akasugua tena siku tatu. Kipimo hakimjui aliyekuwa wa kwanza shuleni, wala hakimchukii msichana. Mwanga ukipita, kazi haijaisha, usipopita, imekwisha.

Aliyoyapata karakana yalimpa moyo wa kumwendea mwalimu wa mazoezi. Alimwambia wazi, "Hesabu hizi sijui nianzie wapi." Mwalimu akasema, "Nionyeshe mchoro wako." Hakuwa na mchoro. Alikuwa amezoea kutafuta kanuni kwanza, akatia tarakimu, akapata jibu. Kwa njia hiyo alishinda mitihani yote ya zamani. Siku ile alifundishwa kuchora kwanza na kuhesabu baadaye. Mwisho wa muhula alifaulu masomo yote, ila kwa alama za katikati. Hakuwa wa kwanza, wala hakuwa karibu na wa kwanza. Lakini kila alama aliyoipata aliweza kueleza imetoka wapi, jambo ambalo hakuliweza alipokuwa akisifiwa.

Katika nchi yetu twao mfano mkubwa wa ujasiri wa kuuliza. Mwaka 1963 mvulana mmoja wa shule ya Magamba, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Kwa kuogopa kukosa nafasi katika jokofu, aliweka maziwa yake yangali moto, naye akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyowekwa bila kuchemshwa. Alipomwuliza mwalimu wake, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa katika shule ya Mkwawa, alikuja mgeni, Dakta Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama akamwuliza kwa nini maji ya moto huganda upesi kuliko yaliyo baridi zaidi. Wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar es Salaam akaagiza jambo hilo lijaribiwe, na mwaka 1969 habari yao wawili ikachapwa katika jarida la walimu wa fizikia. Hata leo wataalamu wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli na kwa sababu gani, lakini jina la Mpemba latajwa duniani kote, kwa kuwa alikubali kuchekwa kuliko kunyamaza.

Liko jaribu jingine katika muhula wa kwanza, nalo ni zito zaidi. Kila juma mwanafunzi hupima vitu katika maabara, kisha huandika taarifa. Kazi ya mwaka uliopita hupatikana kwa urahisi katika simu ya rafiki, pamoja na tarakimu zake zote. Kuinakili huchukua dakika 20. Kupima mwenyewe huchukua alasiri nzima, na pengine tarakimu zake hazipendezi. Twasema hapa bila kuficha: anayejifunza kuandika kipimo asichokipima, amejifunza kazi ya hatari. Mwezi wa Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka, na watu zaidi ya 30 wakafa. Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo, na watu wakafa tena. Hatutaki kumhukumu mtu hapa. Twasema tu kwamba mchuuzi aliye chini ya jengo hana namna ya kukagua hesabu za aliyelijenga. Yeye humwamini tu. Kwa hiyo sheria ya mwaka 1997 yataka mhandisi asajiliwe kwanza na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Lakini bodi haiwezi kumpa mtu uaminifu aliouacha katika muhula wa kwanza.

Basi wazazi wafanye nini? Kwanza, msianze kwa kuuliza alikuwa wa ngapi. Ulizeni: "Juma hili ni nini kilichokushinda, nawe ulimwendea nani?" Kijana akijua kwamba nyumbani kwaweza kutajwa alama 6 pasipo matusi, hatakuwa na haja ya kusema "Vizuri" ya uongo. Pili, zungumzeni naye habari ya fedha kabla hajaondoka. Mkopo wa chakula hutolewa kwa mafungu, ambayo wanafunzi huyaita bumu, na wengi hula fungu la miezi miwili katika majuma matatu. Afundishwe kuligawa kwa siku, kama mama agawavyo unga ghalani. Tatu, ajapo likizo, msimtembeze kwa majirani kama bendera. Mpeni mlango uliolegea autengeneze, mkae naye, aseme.

Nanyi walimu wa sekondari, kazi yenu ni kubwa kuliko yote. Mwanafunzi ajaye kwenu na swali la ajabu, msimcheke. Ikiwa hamna jibu, pimeni pamoja naye. Mtakeni achore kabla ya kutafuta kanuni. Tena mpeni msichana tupa, si daftari peke yake. Mtoto aliyezoea kusema "sijui, nifundishe" angali kwenu, akifika chuoni atakuwa amekwisha kujifunza somo gumu kuliko yote ya muhula wa kwanza.