Serikali Inunuapo Vitu: Mwenyeji Atangulizwa kwa Kiasi Gani?

Hapana mnunuzi katika Kenya aliye mkubwa kuliko Serikali. Hununua dawa za hospitali na lami ya barabara, karatasi za ofisi na magodoro ya magereza, nguzo za umeme, unga, sabuni, na kazi ya mikono ya watu wajengao madaraja. Fedha hizo ni za kodi, na hata mama auzaye mboga sokoni, anunuapo kibiriti au sabuni, ametia sehemu yake humo. Si ajabu basi kwamba watu huuliza: fedha hizo zikitoka tena, zamwendea nani? Zamwendea fundi wa Gikomba agongaye mabati juani, ama zamwendea tajiri wa ng'ambo ambaye hajapata kukanyaga Mombasa?

Katika siku za ukoloni jibu lilikuwa jepesi. Vitu vingi vya Serikali viliagizwa kwa mkono wa Crown Agents, ambao ofisi yao ilikuwa London, na viwanda vilivyopata faida vilikuwa vya Uingereza. Baada ya Uhuru wa mwaka wa 1963 Serikali ilianza kutafuta njia za kuwainua wenyeji. Mwaka wa 1965 lilianzishwa Shirika la Taifa la Biashara ili kuwatia Waafrika katika biashara ya jumla, na kabla miaka hiyo ya 1960 haijakwisha likafuata shirika jingine la kuwasaidia makandarasi wa Kiafrika kwa mikopo na mafundisho ya kazi. Hata hivyo, Kenya ilikaa miaka mingi bila sheria kamili ya Bunge juu ya ununuzi wa Serikali. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka wa 2005, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2007. Iliyopo leo ni ile ya mwaka wa 2015, ambayo ilianza kazi tarehe 7 Januari 2016.

Juu ya sheria hizo kuna Katiba ya mwaka wa 2010. Kifungu chake cha 227 chasema kwamba ofisi ya umma inunuapo vitu au huduma, yapasa ifuate njia ya haki, ya usawa, ya uwazi, yenye ushindani na isiyopoteza fedha. Lakini kifungu hicho hicho chaendelea kusema kwamba Bunge laweza kuweka utaratibu wa kuwapa watu wa namna fulani upendeleo katika kugawa kandarasi, na kuwainua wale ambao zamani walibanwa na ushindani usio wa haki au ubaguzi.

Neno hili "upendeleo" huwasumbua wengi, wala haifai kuwalaumu. Masikioni mwa watu lina harufu mbaya: ni kazi kumwendea mpwa wa mkubwa, ni bahasha chini ya meza. Upendeleo usemwao na sheria ni jambo jingine kabisa. Huo hutangazwa mbele ya watu wote kabla zabuni haijafunguliwa, hupimwa kwa hesabu, na kila mshindani huweza kuusoma katika hati za tenda. Ule wa siri haukuandikwa mahali popote, na ndiyo sababu hauna mpaka. Tena, hata pale fungu lilipotengewa watu wa namna moja, sheria yataka washindane wenyewe kwa wenyewe. Mwenye cheti hapewi kazi kwa kuwa na cheti tu.

Upendeleo huo una sura mbili, na watu huzichanganya mara kwa mara. Ya kwanza ni kufunga mlango: kazi fulani hushindaniwa na wananchi peke yao, wageni hawaruhusiwi kuleta zabuni. Sheria ya 2015 yasema itakuwa hivyo pale ambapo fedha zote, yaani asilimia 100, zimetoka kwa Serikali ya taifa, ya kaunti au chombo cha Kenya, na thamani ya kazi haijapita kiwango kilichowekwa. Kiwango chenyewe sheria imeagiza kiwe juu ya shilingi milioni 500, na hicho si kiasi kidogo.

Sura ya pili haimfungii mtu mlango, ila humpunguzia mwenyeji mzigo katika mizani. Hapo ndipo hesabu huingia, na yafaa kuifuata polepole.

Tuseme shirika moja la Serikali lataka nguzo nyingi za umeme, nalo limetangaza tenda ya kimataifa. Mfanyabiashara wa ng'ambo aleta zabuni ya shilingi milioni 1,000. Kampuni ya Kenya, ambayo hununua mikaratusi kwa wakulima wa hapa na kuitia dawa hapa hapa, yaleta zabuni ya shilingi milioni 1,100. Kampuni nyingine ya Kenya yataka shilingi milioni 1,200. Kama bei peke yake ingetazamwa, mgeni angeshinda asubuhi na mapema. Lakini kanuni zilizotolewa mwaka wa 2011 ziliwapa wenye kuuza vitu vilivyotengenezwa, kuchimbwa au kukuzwa Kenya nafuu ya asilimia 15. Tukiitumia nafuu hiyo, bei ya mgeni itahesabiwa, kwa kulinganisha tu, kana kwamba ni shilingi milioni 1,150. Sasa kampuni ya kwanza ya Kenya yashinda, kwa kuwa milioni 1,100 ni chini ya hapo. Ile ya pili bado yashindwa na mgeni. Nafuu imewekewa ukingo. Haimbebi mwenyeji aliyejipandishia bei kupita kiasi.

Hapa pana kosa ambalo hata watu waliosoma hulifanya. Hudhani kwamba mshindi atalipwa bei ile iliyogeuzwa. La hasha! Mizani ikishawekwa chini, mshindi hulipwa bei aliyoiandika mwenyewe, yaani shilingi milioni 1,100, wala haipungui wala haizidi. Katika kanuni zile za 2011 kampuni za huduma na ujenzi nazo zilipata nafuu kwa kadiri ya hisa za wananchi ndani yake: asilimia 6 hisa zao zikiwa chini ya 20 katika 100, asilimia 8 zikiwa katikati, na asilimia 10 zikipita nusu. Kanuni mpya zilitolewa mwaka wa 2020, na mtu mwenye kuandaa zabuni sharti atazame viwango vilivyoandikwa katika hati ya tenda yake, maana kwa hivyo ndivyo atakavyopimwa.

Je, ile milioni 100 iliyozidi katika mfano wetu hulipwa na nani? Hulipwa na mlipa kodi. Jambo hili halifai kufichwa. Watetezi wa upendeleo hujibu kwamba fedha iliyolipwa hapa huzunguka hapa: mkulima wa mikaratusi hulipwa, vibarua wa kiwanda hupata mshahara, kodi yao hurudi Hazina, na ufundi hubaki nchini. Wapinzani husema kwamba mwenye kiwanda akijua kuwa analindwa hana haraka ya kuboresha kazi yake. Kila upande una ukweli wake, na hukumu hutegemea kama nafuu ile imewafikia wakulima na vibarua kweli au imeishia mfukoni mwa mtu mmoja. Kenya haiko peke yake katika kuchukua njia hii. Marekani, nchi ambayo mara nyingi huwahimiza wengine kufungua masoko yao, ina sheria ya kununua vya kwao tangu mwaka wa 1933, na miaka ya karibuni imeikaza zaidi.

Kuna mahali ambapo ulinzi huu hulegea, napo ni pale penye mkopo. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 2017, ilijengwa kwa fedha ambazo sehemu yake kubwa ilikopwa kwa Benki ya Exim ya China, na kandarasi ikawa ya kampuni ya China. Aliye na mfuko huweka masharti yake. Sheria ya 2015 ilijaribu kuziba pengo kwa kuagiza kwamba mgeni ashindaniaye tenda za kimataifa apate angalau asilimia 40 ya vitu vyake kwa makandarasi wananchi. Lakini mapatano baina ya serikali mbili yana njia yake nje ya taratibu za kawaida za ununuzi.

Jambo jingine ni ujirani. Katika Mapatano ya Soko la Pamoja la Afrika ya Mashariki, yaliyoanza kutumika Julai 2010, nchi wanachama ziliahidi kutowabagua wauzaji wala bidhaa za nchi wenzao katika ununuzi wa umma. Yaani mwenye kiwanda wa Arusha au wa Jinja aweza kuuliza kwa haki kwa nini aitwe mgeni Nairobi. Ahadi hiyo na sheria za kila nchi bado hazijapatana vizuri, wala si Kenya tu iliyo na lawama hiyo.

Sehemu ya sheria iliyowagusa zaidi watu wa kawaida ni ile ya fungu lililotengwa. Kila ofisi ya umma yatakiwa kuweka kando angalau asilimia 30 ya thamani ya ununuzi wake wa kila mwaka wa fedha kwa biashara za vijana, za wanawake na za watu wenye ulemavu. Mpango huo, ujulikanao kwa jina la AGPO, ulizinduliwa mwaka wa 2013. Kujiandikisha Hazina ya Taifa hakutozwi ada, na mtu yeyote aombaye fedha kwa ajili ya cheti hicho ni mwizi. Angalau asilimia 70 ya wenye biashara wawe wa kundi linalohusika, na uongozi wote uwe mikononi mwao. Kijana ni mtu aliyetimiza miaka 18 na ambaye hajafika 35. Watu wa makundi haya hawadaiwi ile dhamana ya benki ambayo wafanyabiashara wengine hutakiwa kuitoa pamoja na zabuni, na msamaha huo ni mkubwa, kwa kuwa dhamana ndiyo iliyokuwa ikiwazuia wengi mlangoni. Kaunti nazo zimeagizwa zitenge angalau asilimia 20 kwa wakaaji wake, ingawa nani hasa ni mkaaji wa kaunti ni swali liletalo ugomvi kila mahali.

Mlango ulipofunguliwa, wajanja nao waliingia. Mwenye kampuni kubwa humwendea kijana mwenye cheti, akaazima jina lake, akafanya kazi yote, akampa kijana kiasi kidogo cha kumnyamazisha. Katika vitabu vya Serikali kijana amepata kandarasi. Nyumbani kwake hapana kilichobadilika. Yafaa wenye vyeti wajue kwamba sahihi ni yao na hatari ni yao. Mtu apatikanaye na hatia ya udanganyifu katika ununuzi wa umma aweza kutozwa faini isiyozidi Shs. 4,000,000/- au kufungwa kwa muda usiozidi miaka 10, au yote mawili, na aweza kuzuiwa asishiriki tena katika tenda.

Lakini hata aliye mwaminifu ana shida yake, nayo ni malipo. Kikundi cha wanawake washonao sare chapata hati ya agizo, ile ambayo watu wa biashara huiita LPO. Chanunua vitambaa kwa fedha za mkopo, chashona, chapeleka sare, chapokewa kwa shukrani. Kisha chaanza kungoja. Mwezi wapita, mwaka wapita, na mkopeshaji hangoji pamoja nao. Madeni ya namna hii yalijaa katika wizara na kaunti hata mwaka wa 2023 Serikali ikaunda kamati, chini ya Edward Ouko aliyekuwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ili kuyachunguza yale yaliyolimbikizana tangu mwaka wa 2005 hadi 2022. Mifuko ya Serikali kama ule wa Vijana na ule wa Wanawake imekuwa ikikopesha kwa hati hizo za agizo, na mkopo wa namna hiyo huzidi ubora ule wa mtaani. Hata hivyo kikundi kidogo kisichokuwa na akiba ya kungojea chafanya vyema kukadiria ucheleweshaji kabla ya kuandika bei yake, wala kisichukue agizo kubwa kuliko hasara iwezayo kuvumilika.

Na yule aliyeshindwa, akaamini kwamba nafuu aliyostahili haikuhesabiwa, afanye nini? Sheria yataka aarifiwe kwa maandishi, pamoja na sababu za kushindwa kwake, wakati ule ule mshindi aarifiwapo. Mkataba hauwezi kutiwa sahihi kabla ya siku 14 kupita. Katika siku hizo hizo 14 aweza kupeleka malalamiko yake, pamoja na ada, kwa Bodi ya Kupitia Ununuzi wa Umma iliyoko Nairobi, na kandarasi husimama mpaka bodi itoe uamuzi wake, ambao wapaswa kutolewa katika siku 21. Asiporidhika ana siku nyingine 14 za kwenda Mahakama Kuu. Siku zikishapita, malalamiko yake hayasikilizwi hata yakiwa ya kweli. Kwa hiyo barua ya kushindwa isitiwe mtoni mwa kitanda kwa hasira, bali isomwe siku hiyo hiyo na tarehe yake iandikwe.